Kwa Nini Tulimwita Mara Tatu

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa maabara na wa shamba la ushirika, na ninyi nyote mliokaa juani kwa sababu turubai limekuwa dogo kuliko watu, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata mgongoni, fundi cherehani mnayemjua. Familia imenipa dakika kumi, na kwa kuwa sifa yangu ya maneno mengi inafahamika, mpwa wangu mkubwa ameketi hapa mbele na saa yake mkononi. Nitasoma nilichoandika, na palipokaa vibaya mnisamehe, mimi nimezoea kukata kitambaa. Naomba jambo moja kabla sijaanza, mtu asiondoke mpaka nimalize, hasa ninyi mliokaa karibu na geti.

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Agosti 1954, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, ambacho sasa kina magunia ya pumba, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba, mlinzi wa ghala la nafaka, na marehemu mama, aliyefuga ng'ombe mmoja wa maziwa na kutulea sisi wanne kwa ng'ombe huyo. Mwezi Mei 1963, dada akiwa na miaka minane, ng'ombe yule aliamka hataki kula, masikio ya baridi, kiwele kimevimba na kuwa chekundu, na mama alipojaribu kukamua yakatoka maji ya manjano badala ya maziwa, na kesho yake kabla ya saa nne alikuwa amekufa. Sisi wadogo tulilia kwa sababu ya uji mkavu, dada alilia kwa hasira, akazunguka banda akiuliza kila mtu mzima kilichoingia ni nini na kimepitia wapi, na hakuna aliyemjibu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kutotulia, na hakutulia tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akamaliza 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1969 hadi 1972, kisha akajiunga na chuo cha mifugo, upande wa maabara, Machi 1973, akahitimu tarehe 26 Novemba 1976 akiwa wa pili darasani, na huyo aliyekuwa wa kwanza dada alimsema mpaka mwaka jana, kwamba alimwangalizia kwenye mtihani.

Jumatatu tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika maabara ya maziwa ya shamba la ushirika, chumba chenye madirisha matatu ambayo moja halikuwahi kufunguka, sinki lililomeguka pembeni, na kabati la joto lililonguruma mchana kutwa, na humo alifanya kazi miaka thelathini na saba. Nyingi ya siku hizo alikuwa anapokea chupa ndogo za maziwa, anapaka tone moja juu ya sahani ya kioo yenye rojo lililochanganywa na damu, anaifungia kwenye joto, na kusubiri siku mbili aone kitakachoota. Wafugaji waliokuja kulalamika aliwaeleza kwa lugha yao, kwamba kiwele kina vyumba vinne visivyopitiana, kila chumba na chuchu yake, na kwamba mlango wa chuchu unakaa wazi kama nusu saa baada ya kukamua, kwa hiyo mpe ng'ombe majani asimame, asilale kwenye samadi mlango ukiwa wazi, na ukimwacha alale usije hapa kunililia.

Alikuwa akisema wezi wa kiwele ni wa aina mbili. Kuna bakteria wa kwenye samadi, hao wanaingia kwa kishindo, mwili wa ng'ombe unasikia mara moja, chembechembe nyeupe za damu zinakimbilia kwenye kiwele kwa mamilioni, homa inapanda, na ndani ya siku moja au mbili ama mwili umeshinda ama ng'ombe amekufa, na hao ndio waliomuua ng'ombe wa mama. Kuna na wa pili, wanaokaa kwenye ngozi na mikononi mwa watu, hao wanaingia kimya kimya, mwili unaamka nusu, unatuma askari wachache, askari anammeza mwizi na mwizi anaendelea kuishi humo humo tumboni mwa askari, na kiwele kinajenga kovu gumu kumzunguka, na dawa haimfikii. Ng'ombe wa namna hiyo anakula vizuri, anatoa maziwa meupe, ukipima leo huoni kitu, ukipima kesho huoni kitu, keshokutwa ndipo vijidudu vinatoka. Huyo wa kimya, alikuwa akisema, ndiye wa kuogopa. Nimemsikia akisema hivyo labda mara mia, mimi napiga cherehani, nikidhani anazungumzia ng'ombe tu.

Tarehe 20 Desemba 1980, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki tarehe 2 Juni 2011, na ambaye ndiye pekee duniani aliyeweza kumfanya dada akae kwenye kiti zaidi ya robo saa, kwa kumfichia viatu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza alizaliwa 1982 na sasa ni mwalimu mkuu, huyu mwenye saa, wa pili alizaliwa 1985 na ni mkunga, na wa tatu, kitinda mimba, alizaliwa tarehe 19 Novemba 1988 na ni fundi umeme. Mwaka huo wa 1988 nitaurudia.

Jina la Mara Tatu mnalijua wote, na wengi wenu mmelitumia kumtania, kwa sababu hata ukileta ng'ombe mzima wa afya yake alikwambia lete chupa leo, lete kesho, lete keshokutwa, ndipo nitasaini. Mfugaji anayetembea saa mbili na chupa mfukoni aliondoka akisonya. Nyumbani nako alifunga mlango mara tatu, alizima jiko mara tatu, alinawa mikono mara tatu kwa sabuni mpaka kiganja kikapasuka, na shemeji yangu alikuwa akisema mke wake huyu hata akifa atataka daktari athibitishe siku tatu. Tulicheka sana. Nilicheka na mimi, na leo nikikumbuka kile kicheko najisikia vibaya, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini kabla ya mwaka 1988 hakuwa hivyo.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2013, akaagwa kwa saa ya ukutani ambayo alikuwa anairekebisha kila siku. Maradhi ya moyo yalianza Septemba 2023, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara nne, na mara ya mwisho aliingia wodi namba tano, kitanda cha dirishani, tarehe 9 Februari 2025. Huko nako aliwasumbua wauguzi wampime presha mara tatu na waandike namba zote tatu, na muuguzi mmoja wa zamu, ninayemwona pale, alimwambia bibi wewe ungekuwa bosi wangu ningeacha kazi, dada akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa tarehe 14 Februari, saa za kuangalia wagonjwa, aliniambia nifunge pazia, nitoe kalamu, na niandike katika daftari lake la zamani la maabara, ndilo hili nililoshika. Hapo ndipo nilipousikia mwaka 1988. Mniwie radhi nikinywa maji kidogo.

Shambani kulikuwa na ng'ombe aliyeitwa Shangazi, kwa sababu alipenda kupeleka pua kwenye mambo ya kila ng'ombe mwenzake, na kulikuwa na kijana mkamuaji wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Vidole, kwa sababu vidole vyake vilijua kiwele kinachoanza kuugua kabla mwenye ng'ombe hajajua. Shangazi aliugua ugonjwa ule wa kimya, akatibiwa, na akahitaji cheti kwamba amepona, maana pale shambani ng'ombe wazima wanakamuliwa kwanza na wagonjwa mwisho kabisa, ili mikono na kitambaa cha kupangusia visibebe ugonjwa, na anayeamua nani asimame wapi kwenye foleni ni cheti cha maabara. Jumatatu tarehe 13 Juni 1988 dada alipokea chupa moja ya maziwa ya Shangazi, Jumatano tarehe 15 akaitazama sahani, haikuwa imeota kitu, akachukua kalamu. Mkamuaji alikuja mpaka dirishani akamwambia, "Dada, huyu bado. Nyuma kushoto kuna kitu kigumu, kama punje ya harage, nakisikia kila nikikamua. Mwache mwishoni kwanza." Dada akamjibu, mbele ya watu, "Kaka, vidole havina hadubini," watu wakacheka, na akasaini.

Shangazi akarudishwa mbele ya foleni. Mwisho wa Julai ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wanaumwa, maziwa yanaganda kama kamasi kila yakipimwa, na meneja wa wakati ule akatafuta mtu wa kumtupia lawama, naye hakutafuta mbali, alimtazama anayeshika chuchu. Ijumaa tarehe 5 Agosti 1988 mkamuaji aliandikiwa barua ya kufukuzwa, sababu ikatajwa kuwa uchafu wa mikono, na kuanzia siku ile hakuna banda lililompokea, hata watoto wa barabarani walimwita Mkono Mchafu, mtu ambaye kwa ushuhuda wa dada mwenyewe alikuwa ananawa mpaka kwenye viwiko.

Kesho yake, Jumamosi, dada hakuweza kukaa nyumbani. Akaenda bandani mwenyewe, akakamua chumba cha nyuma kushoto cha Shangazi, akapaka sahani, na akafanya hivyo tarehe 6, tarehe 7 na tarehe 8. Nimefungua ukurasa huo hapa, mwandiko wake ni wa mtu anayeandika amesimama. Sahani ya kwanza, hakuna. Sahani ya pili, hakuna. Sahani ya tatu, iliyosomwa tarehe 10 Agosti 1988, imejaa madoa ya rangi ya dhahabu, kila doa na duara lake angavu pale damu ilipoliwa. Chini yake ameandika neno moja, Kweli. Halafu akafunga daftari, kwa sababu tarehe 1 Septemba alikuwa anapandishwa cheo kuwa mkuu wa maabara, kwa sababu tumboni alikuwa na mimba ya miezi sita, na kwa sababu aliogopa, na hiyo ya tatu ndiyo aliyoitaja ya kwanza aliponisimulia.

Nilimkasirikia pale pale wodini. Nilimwambia, dada, miaka thelathini na sita na nusu, na kila mfugaji aliyeficha ng'ombe mgonjwa ulimwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaniambia ndiyo, nilikuwa najisemea. Aliniambia alikwenda mara mbili mpaka mlangoni kwa mkamuaji, mwaka 1991 na mwaka 2012, mara zote mbili akarudi kabla ya kubisha, na kwamba hakwenda mara ya tatu kwa sababu alijua mara ya tatu ndiyo ukweli unatoka. Nampenda dada yangu, alinisomesha ufundi kwa mshahara wake, na bado nina hasira naye, na sitawadanganya hapa kwamba kimoja kimefuta kingine.

Maneno aliyoniagiza ni haya, na alinifanya niyasome mbele yake mpaka akaridhika. "Ng'ombe aliyeitwa Shangazi alikuwa bado mgonjwa. Mkamuaji aliniambia, sikumsikiliza, nikasaini kwa chupa moja. Kosa lilikuwa langu, halikuwa la mikono yake." Nilipomuuliza kwa nini nisiende kumwambia mkamuaji kimya kimya, watu wawili, chai mezani, alikataa, akasema alimcheka mbele ya watu, basi na hili liwe mbele ya watu, na kwamba sampuli ni tatu, tena za siku tatu tofauti. Siku ya kwanza ilikuwa ile, mbele yangu. Siku ya pili nisome siku ya kumzika, maana watu watakuwa wengi na kwa heshima hawataweza kuondoka, hayo ni maneno yake. Ya tatu nitaisema mwishoni.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkunga wake akiwa amemshika mkono, nikimaanisha binti yake, na daktari alithibitisha mara moja tu.

Alhamisi tarehe 6 tulikaa kikao cha familia, na aya mlizosikia sasa hivi zikakatwa kwa kalamu nyekundu. Mpwa wangu mkubwa aliniambia, "Mjomba, tusifukue makaburi siku ya kuzika," na simlaumu, ni mama yake, na yeye ndiye atakayesimama kila asubuhi mbele ya wanafunzi mia sita wanaojua ukoo wake. Nilikubali kwa mdomo. Kisha nikaenda sokoni, mlango wa pili, kwa mshona viatu mmoja mzee ambaye kwa miaka mingi nimempelekea viatu bila kujua ni nani mpaka dada aliponielekeza, nikamwambia kuna msiba wa mtu mliyefanya naye kazi, njoo na mama wa nyumbani kwako, sikumwambia zaidi. Ndiye huyo mwenye koti la kijani, kiti cha tatu kutoka getini, ambaye tangu nianze kusoma anatazama mikono yake. Kaka, nilisema mtu asiondoke, nilikuwa nasema na wewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano kwa uvumilivu, maana mgonjwa wenu alikuwa mgumu, inawashukuru majirani kwa maji, viti na kuni, wafanyakazi wa maabara kwa kufunga chumba leo na kuja wote, na wafugaji waliotembea tangu asubuhi, ambao wengine naona mmekuja na chupa mfukoni kwa mazoea. Mpwa wangu, dakika zako kumi nimezipita, najua, funga hiyo saa. Najua pia kwamba leo nimekuvunjia neno, na nikishashuka hapa utanisema utakavyo na sitakujibu.

Sasa ile ya tatu. Jumatatu tarehe 10 Machi, saa tatu kamili asubuhi, nitakuwa katika ofisi ya ushirika, chumba ilimoandikwa ile barua ya mwaka 1988, na daftari hili, na nitayasoma maneno haya tena mbele ya meneja wa sasa na wakamuaji wa zamu ya asubuhi, kisha nitakaa hapo mpaka barua nyingine iandikwe ya kuifuta ile. Kaka mkamuaji, gari litapita kwako saa mbili, ukitaka kupanda panda, usipotaka nitasoma hivyo hivyo, huna deni la kutusamehe. Mpwa wangu, kiti cha mbele nimekuachia wewe, na jibu si lazima liwe leo.

Dada, yale maneno ya kuagana nimeyapunguza kidogo, uniwie radhi. Pumzika, miguu yako imetembea mno. Amani nitakuletea Jumatatu, kwa sababu leo ni mara ya pili tu, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mara ya pili haitoshi.